Viboko wa Himbi

Mawe ya hapa yanadanganya.
Unaokota la ukubwa wa kichwa cha mbuzi,
linainuka mkononi kama mkate:
limejaa matundu, limejaa pumzi ya mlima.
Miezi mitatu nilishikilia ufito kwa mawe hayo,
na kila jirani Nzanzu alipopiga chafya nyuma ya ukuta
tumbo la boti lilihama unene wa kidole.

Fundi Mbusa akatazama mstari, akatazama mawe.
"Kyakimwa," akasema, "tafuta risasi."

Nikaenda kwenye garaji za Birere na mfuko mtupu wa mchele.
Vijana wakanikusanyia vile vipande
wanavyobana kwenye rimu ili gurudumu lisitetemeke,
vyenye grisi, vilivyokanyagwa, vilivyosahauliwa na magari yao.
Kilo kumi na saba. Muhindo akavipakia kwenye chukudu.

Bariere ya jioni. "Mzigo gani?"
Nami, kwa uchovu, kwa Kiswahili changu chote:
"Risasi."

Lo! Muhindo aliliachia chukudu.
Hata mama wa makala aliacha kupunga moto.
Lugha yetu imetia vitu viwili katika mfuko mmoja
na mimi nilikuwa nimeingiza mkono bila kutazama.
Askari alifungua, akachagua kimoja, akakirusharusha kiganjani.
"Ya kufanyia nini?"
"Kushikilia mstari, afande. Usisogee."
Alinitazama kama mtu aliyekumbushwa deni.
"Pita."
Kile kimoja alibaki nacho.

Usiyeyushe ndani ya nyumba.
Simama upepo ukupige mgongoni.
Sufuria isirudi jikoni: yetu niliitoboa baadaye kwa msumari
mama asije akaihurumia.
Mkebe wa sadini uukaushe, uukaushe tena,
maana tone moja la maji, na risasi ni risasi,
itakurukia usoni.
Juu ya mbabula ile kijivu ilisinyaa, ikalegea, ikawa kioo;
takataka zikaelea, nikaziengua kama povu la maharage.
Nikamimina.
Msumari uliopindwa nikauzamisha upande mmoja,
nikaushika kwa koleo, nikahesabu hadi mia mbili,
nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Ziwa letu halina viboko.
Baba, aliyekulia Vitshumbi, hajalizoea hadi leo:
maji matupu, anasema, maji yasiyo na mwenyewe.
Nilipobomoa mkebe wa kwanza na kukiweka mezani
kile kitu cha mgongo mpana, pua ya chuma mbele,
alicheka mpaka akakohoa.
"Huyu namjua," akasema. "Huyu alikula mahindi ya shangazi yako."

Niliwatengeneza kumi na wawili.
Tumboni niliwavisha vipande vya blanketi wasikwaruze karatasi.
Mizani ya Mama Kahambu, pale Kituku, ilisema kilo moja na nusu kila mmoja.
Mizani ya duka la dawa ilisema kilo moja na robo.
Hivyo ndivyo nilivyojua kwa nini maharage yetu
huisha Alhamisi.

Sasa ufito umelala sakafuni toka omo hadi tezi,
na viboko wameweka pua juu yake, wamenyamaza.
Nzanzu anapiga chafya. Hakuna kinachohama.
Si nguvu. Ukiulazimisha ufito utavunjika,
au mbaya zaidi, utakutii.
Ni kuuambia tu: hapa, na hapa, na pale.
Katikati unajua wenyewe.

Fundi Mbusa amepiga magoti, shavu sakafuni, jicho moja kalifumba.
"Mwinue wa tano."
Namwinua. Ufito unashusha pumzi,
unasogea kiasi cha punje ya mtama
kwenda ulikotaka tangu asubuhi.
Fundi hasemi kitu. Anaomba penseli.

Mataruma tutayakata Jumatatu, mbao zikifika kutoka Beni,
kama barabara itakubali.
Wa tano hana kazi tena; baba amemchukua.
Yuko dirishani,
anatazama maji.